Kidole cha Mama Kanku

Baba yangu, Tshilombo, alikuwa na mkono ulioandika kama mashine, na mkono huo ndio uliomponza. Nasema mapema ili asitokee mtu kuniambia kwamba namsingizia marehemu makosa ya wengine. Ya wengine nayo nitayasema, tena bila kumung'unya maneno, maana Pasta Numbi yu hai, anahubiri mpaka leo, na mikono yake miwili ni mizima.

Babu aliletwa Kolwezi kutoka Kasai kuchimba shaba. Baba alizaliwa kambini, akasoma miaka mitano. Siku moja Mbelgiji wa karakana alimkuta anachora herufi ukutani kwa mkaa. Badala ya kumzaba kofi, alimpa brashi. Tangu hapo kazi yake ilikuwa kuandika: namba za vichwa vya treni, majina ya maghala, DANGER DE MORT na fuvu lake kwenye masanduku ya umeme. Ukitembea Kolwezi ulikuwa unamsoma baba yangu, ujue usijue. Herufi zake zilisimama wima, zikalingana, hata fundi wa mtambo wa kuchapa vitabu asingezikataa.

Mama yangu, Tshibola, alipenda kumtania. Alisema baba alimposa kwa barua nzuri sana ambayo yeye hakuweza kuisoma, akaitundika ukutani, ndipo wazazi wake wakaona hakuna njia tena ya kukataa.

Biblia yetu ilikuwa kubwa, ya Kiswahili, jalada jeusi. Baba aliisoma kila asubuhi kabla ya king'ora cha kazi, na jirani asiyetaka kusikia ilimbidi azibe masikio. Alikuwa mzee wa kanisa, kanisa la Waprotestanti, na alijivunia jambo moja kuliko yote: kwamba sisi hatutegemei mtu. Wengine wana wakubwa wao wa mbali, sisi tuna Kitabu. Mchungaji akikosea, Kitabu kinamrudi. Hayo alifundishwa na Pasta Numbi mwenyewe, mtu wa kaskazini ya Katanga, sauti yake nzito, viatu vyake vinang'aa hata wakati wa mvua. Pasta alihubiri kwamba Neno halina uongo, na kwamba mtu akiweka mkono juu ya Biblia akasema uongo, mkono ule utakauka. Nilimsikia mara mbili kwa masikio yangu.

Mwaka 1972 serikali ikatuambia tuache majina ya ubatizo. Sote tuwe na majina ya mababu tu, kwenye karte ya kitambulisho, shuleni, kazini. Mimi nilikuwa Fidélie, nikawa Mbelu, na sikulia, maana Mbelu ni jina la bibi yangu na nilimpenda. Lakini wanawake wa kanisa letu waliingiwa na hofu kubwa. Wa kwanza kuja nyumbani alikuwa Mama Kanku, aliyekuwa anauza mihogo mikavu karibu na lango la kambi. Mumewe alikuwa amemwacha, watoto wawili walikuwa wamemfia, na wakati ule alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu.

"Tata Tshilombo," alisema, "siku ya mwisho Mungu ataita Véronique. Mu karte niko Kanku tu. Ntaitika namna gani?"

Baba akampeleka kwa Pasta. Pasta Numbi akaja nyumbani pamoja naye, akaifungua Biblia yetu mwishoni. Nyuma ya Ufunuo kulikuwa na kurasa nane tupu.

"Tata, andika majina ya batu yetu humu," alisema. "Sheria ya batu inapita, Neno ya Mungu haipite. Humu hakuna serikali itafika."

Ukurasa wa mwisho wa Ufunuo, ule unaokataza mtu asiongeze neno katika kitabu, ulikuwa upande wa kushoto. Upande wa kulia baba aliandika jina la kwanza: Véronique Kanku. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwalimu wa darasa la kwanza, najua kusoma, nilikuwa nimesimama pale na macho yangu mawili. Sikuona kitu. Hakuna aliyeona kitu.

Wakaja. Wengine walitembea kutoka upande wa pili wa mji. Baba aliandika kwa wino mweusi, kwa herufi zile zile zilizofanana na chapa, na mtu asiyejua kusoma akiifungua Biblia katikati, kisha akaifungua mwisho, hakuona tofauti. Punde watu wakaanza kusema, "Jina langu liko ndani ya Biblia." Baba aliwasikia na hakuwasahihisha. Nadhani ilimpendeza. Fundi gani asingependa kuambiwa kwamba kazi yake imeingia katika Neno la Mungu?

Mama Kanku alijifungua msichana. Sheria ilikuwa kali: mchungaji akibatiza mtoto kwa jina la kigeni, anaweza kufungwa. Kwa hiyo Pasta Numbi alimbatiza kanisani kwa jina Mbombo, watu wote wakasikia. Baada ya ibada alikuja sebuleni kwetu, akamtia mtoto maji mara nyingine na kumwita Odile. "Andika," alimwambia baba. Baba akaandika. Tangu Jumapili ile Mama Kanku alijiwekea desturi. Ibada ikiisha alipita kwetu, baba akamfungulia ukurasa, akamshika kidole cha shahada na kukiweka juu ya jina. Mama Kanku alilipapasa taratibu toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, akacheka, akaenda kuuza mihogo yake.

Mtoto alikufa kwa homa akiwa na miezi minane.

Msalaba wake aliuchora baba. Mama Kanku aliomba uandikwe Odile, na baba, namshukuru Mungu kwa hilo, alisita. Ni Pasta aliyesema mbele ya jeneza dogo lile, "Andika, tata. Tunamutii Mungu kupita batu." Maneno makubwa, na sote tulilia. Siku nne baadaye Banza, mkubwa wa chama cha serikali katika mtaa wetu, alikwenda makaburini kumzika mjomba wake, akaona msalaba mpya wenye jina la Kizungu na mwaka wa kuzaliwa 1972. Hakuhitaji kuuliza nani aliuchora, maana herufi zile alizisoma kila siku kwenye sanduku la umeme mbele ya nyumba yake.

Tuliitwa kwa Banza Jumanne. Baba aliambiwa aje na Biblia, kwa kuwa habari ya majina yale ilikuwa imeenea mtaani, na mimi ndiye niliyeibeba, maana alikuwa ametoka kazini na mikono imejaa rangi. Pasta Numbi alikuwa ameshafika. Banza hakuwa mtu wa kelele. Alifungua kurasa za nyuma, akasoma majina polepole kama mtu anayesoma bei za nguo, kisha akaifunga Biblia na kuiweka katikati ya meza.

"Citoyen Pasta, weka mukono hapa," alisema, maana siku zile kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia. "Ni wewe ulipatia huyu mutoto jina ya Odile?"

Nilimtazama Pasta bila wasiwasi wowote. Nataka mjue hivyo. Nilikuwa na hakika kabisa ya atakachosema, kama ninavyokuwa na hakika kwamba kesho kutakucha.

Pasta Numbi aliweka mkono wake juu ya jalada jeusi. "Mi nilibatiza mutoto Mbombo," alisema. "Kanisa muzima ilisikia. Ile jina ya kizungu sijue. Angalia herufi, citoyen. Mu Kolwezi nani anaandika vile? Si mi."

Baba aligeuka akamwangalia. Si usoni. Alimwangalia mkono.

Ikawa zamu yake. Aliweka mkono wake wenye rangi ya manjano juu ya jalada, akasema, "Mi njo niliandika. Pasta njo alibatiza, yeye njo aliniambia niandike. Bintu byote biko vile."

Banza alicheka. "Mikono mbili juu ya kitabu kimoja, na maneno mbili. Nasikia mutu mubongo akiapa, mukono wake inakauka. Tungoje basi."

Akanyamaza kweli, akangoja. Alikuwa anafanya mzaha, lakini baba hakuwa anafanya mzaha. Baba alingoja kwa moyo wote. Pasta Numbi akatoa kitambaa mfukoni kwa mkono ule ule, akajifuta jasho, akakikunja vizuri, akakirudisha.

Kurasa nane zilichanwa pale pale. Banza alizichomea uani, ndani ya mkebe wa mafuta, na Biblia iliyobaki alinirudishia mimi. Pasta alirudi kwake kwa miguu yake. Baba alilala kizuizini siku tisa, na alipotoka, kazini walimnyang'anya brashi wakampa ufagio.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba kitapanda mimbarani Jumapili inayofuata. Pasta Numbi alitangaza kwamba Tshilombo ameondolewa katika uzee wa kanisa na hatashiriki Meza ya Bwana kwa mwaka mmoja. Na alilisoma tangazo lake kutoka katika Biblia! Alisoma pale mtume anapowaambia watu watii wenye mamlaka. Wiki chache kabla yake, kaburini, alikuwa ametukumbusha pale mitume wanaposema imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Kitabu kilikuwa kile kile.

Nilirudi nyumbani nawaka. Nilimwambia baba kwamba nimeacha, siamini tena, kitabu kinachoweza kusomwa na mwongo na bado kikamkubali, kina faida gani? Mama alinifokea. Baba hakunifokea.

"Yote mbili iko andikwa, Mbelu," alisema. "Shida haiko mu kitabu. Pasta iko nakula sawa mutoto mubaya. Anatoa nyama mu supu, ugali anaachia benzake. We kula yote."

"Na mukono yake, tata? Sababu gani haikukauka?"

Hilo lilimuuma. Alianza kusoma toka Mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, asubuhi kabla ya kwenda kufagia, lakini sasa kimya, bila kumsomea jirani. Kanisani aliketi benchi la mwisho. Pasta akitaja mstari, baba aliufungua, akaweka kidole, akafuata neno kwa neno, na Pasta akiruka kitu, baba alikisoma hicho kilichorukwa. Wiki nyingi baadaye, tukiwa tunamenya mihogo, alisema ghafla, "Nimetafuta. Ile neno ya mukono kukauka juu ya uongo, haiko mule. Pasta aliisema, mi nikaamini ni Biblia. Kitabu hakikunidanganya, Mbelu. Nilikisemesha kitu hakikusema." Nilimheshimu sana asubuhi ile. Nalisema hilo kwa sababu ya yale yanayofuata.

Mama Kanku hakujua lolote. Baada ya matanga alikuwa amepanda treni kwenda kwa mama yake Kasaji, na alikaa huko miezi mitatu. Jumapili ya kwanza aliporudi, alikuja moja kwa moja nyumbani. Alikuwa amekonda. Alimsalimu mama, akaketi, akanyoosha kidole.

"Tata, onyesha mi mutoto wangu."

Baba alikwenda chumbani kuchukua Biblia, na mama akamfuata. Niliwasikia. Mama alisema, "Ukimwambia, utamuua. Hajue kusoma. Weka kidole yake fasi yoyote." Baba alitoka, akaketi karibu na Mama Kanku, akafungua, si mwisho, mahali fulani kati ya vitabu vya Musa. Akashika kile kidole, akakiweka.

Mama Kanku alipapasa. Akatabasamu, machozi yakamtoka. Nilikuwa nyuma yake, nikasoma kwa juu ya bega lake. Kidole kilikuwa kimelala juu ya hesabu ya watu wa kabila la Dani.

Nilijiambia, ni mara moja tu, ni huruma. Jumapili ya pili alikuja tena, na baba akafungua ukurasa ule ule bila kutafuta. Jumapili ya tatu vilevile. Mtu aliyengoja mkono wa Pasta unyauke juu ya Biblia, sasa alikuwa anachukua mkono wa mwanamke aliyefiwa na kuuweka juu ya uongo, ndani ya Biblia ile ile, tena kila wiki. Mikono ya nyumba yetu nayo haikukauka. Nilimchukia baba kwa hilo, na sikusema neno.

Jumapili ya nne Pasta Numbi alihubiri juu ya waongo. Hakutaja jina, lakini alitazama benchi la mwisho hadi shingo za watu zikageuka. Ndipo Mama Kanku aliposimama katikati ya wanawake. Hakuwahi kusema kanisani maisha yake yote.

"Tata Tshilombo si mutu mubongo," alisema. "Jina ya mutoto wangu iko mu Biblia yake. Mi nagusa kila siku ya Mungu. Hii asubuhi pia nitaenda gusa."

Watu walicheka. Moshi wa mkebe ule waliuona wote, hakuna aliyekuwa hajui isipokuwa yeye. Pasta Numbi hakucheka. Alisema kwa upole, "Mama, enda umuombe akuonyeshe," akatoa wimbo.

Nilitazama nyuma. Baba alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kwenye benchi la mbele.

Alitutangulia nyumbani. Tulipofika na Mama Kanku, Biblia ilikuwa juu ya meza, imefungwa, na baba amesimama kama mtu aliyeitwa tena na Banza.

"Tata, banacheka nini?" aliuliza Mama Kanku.

Baba akamwambia yote: kurasa zimechomwa, jina halipo, Jumapili tatu amekuwa akiweka kidole chake juu ya majina ya watu wengine waliokufa zamani. Alilia alipokuwa anasema. "Pasta alinitupa, mama," alisema, "na mi nikakutupa. Zile karatasi za nyuma hazikuwa Neno. Zilikuwa karatasi tupu na wino yangu. Nilijua, nikanyamaza."

Mama Kanku hakulia. Alikaa kitako, mikono mapajani, muda mrefu, na mama yangu hakuthubutu kuleta hata maji ya kunywa. Mwishowe baba alifungua Injili ya Luka, akatafuta, akageuza Biblia upande wake.

"Lakini hii njo Neno, mama. Hii si mi niliandika. Yesu anaambia banafunzi bafurahi, majina yabo iko andikwa mbinguni. Mbinguni, si mu karatasi yangu. Hakuna mutu ataichoma."

Alinyoosha mkono amshike kidole, kama zamani. Mama Kanku aliuvuta mkono wake. Kisha akaweka kidole mwenyewe, popote tu, katikati ya ukurasa.

"Hii maneno ilikuwa humu kabla Odile azaliwe?"

"Ilikuwa humu, mama."

"Kabla ya sheria ya majina?"

"Zamani sana."

"Basi mulituandikisha sababu gani?"

Mama Kanku hakumngoja baba ajibu. Alinigeukia mimi, kidole kikiwa bado juu ya karatasi.

"Mbelu, weye unafundisha batoto kusoma. Vile tata anasema, iko andikwa vile?"

Niliinama, nikasogeza kidole chake mistari miwili juu, nikasoma kimya, kisha kwa sauti. "Iko vile, mama. Nakuapia."

"Na zile siku za Mungu tatu," alisema, "ulisimama nyuma yangu. Ulikuwa unasoma pia?"

Baba aliniangalia, mama akaangalia sakafu.

"Nilikuwa nasoma, mama."

Alitoa kidole chake kwenye Biblia, akakifuta kwa kitenge chake, akainuka kwenda kuuza mihogo.